Minyoo bapa kwenye tangi la matumbawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuga matumbawe mwaka wa tisa sasa. Nilianzia Mombasa na tangi la samaki tu, nikahamia Sharjah na huku ndo nikaingia kwenye matumbawe kabisa, saa hizi nina lita 400 sebuleni na chombo kidogo cha karantini chooni kwa wageni. Karibu kila wiki mtu ananitumia picha ya kitu kimejibandika kwenye kioo anauliza hii ni nini na aweke dawa gani, na mara nyingi dawa ameshaimwaga tayari. Kwa hiyo nimekusanya majibu yote hapa. Kama una haraka soma swali la sita kabla hujagusa chupa yoyote.

1. Nimeamka nimekuta vidoa vya rangi ya kutu kwenye kioo na kwenye mchanga, vinatembea. Ndo minyoo bapa?

Inawezekana sana. Yule wa kawaida kabisa kwenye matangi yetu ni Convolutriloba retrogemma, watu wengi wanamwita planaria mwekundu. Ni mdogo, milimita chache tu, bapa kama karatasi, rangi ya kutu au nyekundu ya kahawia, na ukimwangalia kwa simu ukivuta picha karibu utaona nyuma ana mikia mitatu mifupi, hiyo mikia ndo kitambulisho chake. Anateleza bila kujikunja, hana pingili wala nywele. Ukiona mnyoo mrefu mwenye pingili na nywele pembeni huyo siyo, ni fundi usafi wako, muache afanye kazi yake.

Angalia saa ambapo taa zimewaka vizuri maana hawa wanapenda mwanga, wana mwani unaoishi ndani ya mwili wao unaowalisha, kama matumbawe yenyewe. Ndo maana utawakuta wamejazana mahali penye mwanga mkali na maji yasiyo na kasi.

2. Nimesoma mahali kwamba hawa siyo minyoo bapa wa kweli. Inanihusu nini mimi?

Ni kweli, kwenye sayansi wametolewa kwenye kundi la minyoo bapa, wako kundi lao la Acoela. Hawana hata utumbo, ni mdomo chini ya tumbo na chakula kinaingia kwenye mwili moja kwa moja. Na inakuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, dawa inayoua minyoo bapa wa kweli siyo lazima imuue huyu, na kinyume chake. Ya pili ndo kubwa, hawa wekundu hawategemei mayai. Wanachipuka. Mtoto anaota kwenye makalio ya mama yake, kichwa chake kimeelekea upande wa pili kabisa, afu anajikwanyua na kwenda zake. Kwa hiyo mmoja tu akibaki kwenye sampu (lile tangi la chini la kuchujia maji) amekurudisha mwanzo, hahitaji mwenza.

Wale wanaokula Acropora (matumbawe magumu yenye matawi) ni kinyume, hao ni minyoo bapa wa kweli na shida yao yote iko kwenye mayai. Shika hiyo tofauti kichwani, kila kitu kingine hapa chini kinatokana nayo.

3. Wametoka wapi? Sijaweka kitu kipya miezi mitatu.

Wameingia na fragi (kipande cha tumbawe cha kukuza), jiwe, konokono au hata maji ya kwenye mfuko. Miezi mitatu siyo kitu, mmoja anaweza kukaa nyuma ya jiwe akichipuka polepole hujui, afu siku umelisha sana au pampu imepungua nguvu ndo unawaona mia. Hawajitokezi wenyewe hewani.

4. Wana madhara gani kama hawali matumbawe?

Wekundu hawali nyama ya tumbawe, hilo ni kweli. Wanakula kopepodi (jamii ndogo sana ya kamba) na vidudu vidogo vya kwenye maji, so kama una samaki wa mandarini anayetegemea kopepodi ujue anashindana nao mezani. Wakiwa wengi wanalalia matumbawe kama blanketi na kuyakosesha mwanga, yanajifunga, yanapauka pole pole mpaka yanakufa pembeni. Lakini madhara yao makubwa wanayafanya wakifa. Mwilini wana sumu, wakifa wengi kwa mpigo sumu inatoka yote ndani ya maji yako na samaki ndo wa kwanza kuhangaika.

5. Ni kumi tu hivi. Niwaache?

Usiwaache, lakini usikimbilie dawa pia. Kumi unawanyonya na mrija mwembamba wa hewa kwenye ndoo, dakika kumi kila siku wiki mbili, ongeza kasi ya maji pale wanapojazana, punguza kulisha. Nimeona matangi mawili yamepona hivo bila tone la dawa. Na hata kama hutawamaliza, utakuwa umepunguza idadi, na idadi ndo roho ya swali linalofuata.

6. Nimenunua Flatworm eXit, dawa ya minyoo bapa. Namwaga tu?

Hapana. Hili ndo swali lililonifanya niandike yote haya, nitakaa hapa kidogo.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na tangi la lita 200, limejaa wekundu hadi mchanga ulikuwa hauonekani rangi yake. Duka nililonunua dawa waliniambia mwaga kipimo cha kwenye boksi, kesho maji safi. Nikamwaga saa mbili usiku. Nusu saa hivi minyoo ikaanza kudondoka kutoka kwenye mawe kama majani makavu, nikafurahi, nikaenda kula. Niliporudi maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, klaunifishi wangu wawili wako juu wanahema, samaki wangu wa njano anayeitwa tang amelala ubavu nyuma ya pampu. Sikuwa na kaboni (mkaa wa kuchuja sumu kwenye maji), sikuwa na maji ya chumvi yaliyochanganywa. Mpaka usiku wa manane walikuwa wamekufa wote watatu, na wale klaunifishi binti yangu ndo alikuwa amewapa majina. Dawa haikuwaua. Waliuliwa na minyoo niliyoiacha mle ndani ikafa kwa mpigo, na ningeinyonya kwanza wangekuwa hai.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke hatua:

Wiki nzima kabla, nyonya kila siku. Kila mnyoo aliyetoka akiwa hai ni sumu ambayo haitaingia kwenye maji yako. Usianze dawa mpaka ukiangalia tangi unaona wachache, siyo zulia.

Siku yenyewe andaa kabla: maji ya chumvi yaliyochanganywa tayari angalau robo ya tangi, joto sawa na chumvi sawa, ya pili ya robo kama unaweza. Kaboni mpya, nyingi kuliko unayotumia kawaida, iwe imeshasuuzwa iko kwenye mfuko inasubiri. Pampu ya hewa na jiwe lake. Ndoo, mrija, tochi.

Pima maji kwa ukweli. Tangi la lita 400 lenye mawe na mchanga halina lita 400, hesabu na sampu kisha punguza nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga. Ukiwa na wasiwasi chota kikombe cha maji na minyoo kadhaa, weka kipimo kidogo cha kikombe hicho, angalia kama wanakufa. Hiyo itakuambia kama dawa inafanya kazi kwa minyoo wako kabla hujaweka tangi zima rehani.

Anza asubuhi, siyo usiku, siku ambayo hutoki nyumbani. Toa kaboni, zima taa ya UV, washa hewa. Weka dawa sehemu yenye kasi. Wakianza kudondoka na kujikunja, kaa hapo hapo na mrija unyonye kila kinachoelea, hii ndo kazi yenyewe na ni ya kuchosha, mimi huwa naita mtu anishikie tochi. Samaki wakianza kuhema kwa nguvu usisubiri muda wa kwenye lebo uishe, weka kaboni na ubadilishe maji papo hapo. Kama wametulia, fuata muda wa lebo, afu kaboni, afu badilisha robo ya maji, na kesho yake badilisha kaboni tena.

7. Baada ya wiki mbili wamerudi. Dawa ni feki?

Mara nyingi siyo feki. Waliobaki walikuwa kwenye sampu, ndani ya bomba la overflo (linaloshusha maji kwenye sampu), chini ya jiwe ambapo dawa ilifika kidogo, na kumbuka wanachipuka. Rudia baada ya wiki moja hata kama huoni hata mmoja, hiyo raundi ya pili inakuwa nyepesi sana maana hakuna wa kufa wengi. Kama raundi ya kwanza uliweka kipimo kidogo kwa woga, wale waliozimia wataamka, ndo maana kunyonya wakati wamelegea ni lazima.

8. Acropora yangu inapauka kuanzia chini na ina vidoa vidoa vya mviringo. Maji yako sawa. Ni nini?

Hapa moyo wangu unashtuka kila nikiona picha. Vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe au vya rangi iliyofifia, karibu milimita moja, vimepangana hasa upande wa chini na wa kivuli wa tawi, hizo ni alama za kuliwa. Anayekula ni Prosthiostomum acroporae. Alipewa jina rasmi mwaka 2011 kama Amakusaplana acroporae, baadaye akahamishiwa jina hili la sasa, wafugaji walikuwa wanalia naye miaka mingi kabla ya hapo.

Huyu hutamuona. Ni bapa, anapitisha mwanga kama kipande cha nailoni, na anakula nyama ya tumbawe pamoja na mwani wake mpaka rangi ya tumbo lake inakuwa rangi ya tumbawe lako. Unaweza kuangalia tawi dakika tano na kuna ishirini juu yake. Watu wanahangaika na alkalini, wanabadilisha taa, wanalaumu chumvi, huku Acropora zinaliwa moja baada ya nyingine.

Kabla hujaamua, angalia pia kama siyo vidudu vyekundu vya Acropora, hivyo ni kama vumbi la njano lenye kidoa chekundu, havifiki hata milimita moja, siyo minyoo kabisa na dawa yake ni nyingine. Na kama inayoliwa ni Montipora (aina nyingine ya tumbawe gumu) basi mshukiwa ni konokono mweupe asiye na gamba, siyo huyu.

9. Nahakikishaje?

Njia mbili. Ya kwanza, chukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, zima pampu, piga maji kwa nguvu kwenye matawi ya chini. Ukiona vitu vya mviringo kama magamba ya kitunguu vinaruka na kujikunja, umepata jibu. Ya pili ndo bora, toa tumbawe, liweke kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi na dawa ya kudipu (kulowesha tumbawe ili wadudu waachie), Coral Rx kwa mfano, dakika za lebo, huku unapiga maji na bomba. Afu angalia chini ya bakuli. Lazima bakuli liwe jeupe, kwenye ndoo ya bluu hutaona kitu utajidanganya uko salama.

Na tafuta mayai. Yako kwenye mfupa mtupu, pale nyama imeshakufa, hasa shinani na chini ya matawi, yamepangwa vishada kama mbegu za ufuta za rangi ya dhahabu au kahawia. Kila kifuko cha yai kina viinitete kadhaa ndani, siyo mmoja.

10. Nimedipu, wamedondoka thelathini, nimelirudisha tangini. Nimemaliza?

Ndo umeanza. Hakuna dipu ninayoijua inayoua mayai. Ganda lao linazuia. Ulichofanya ni kuondoa wazazi tu, watoto wataanguliwa kwenye wiki mbili tatu hivi, na maji yakiwa ya joto zaidi wanaanguliwa haraka zaidi, jambo la kulikumbuka sisi tunaoishi joto hili la Ghuba maana umeme ukizima AC mchana mmoja tangi linapanda.

Hivi ndo nilivyofanya mimi na nikafanikiwa:

Acropora ZOTE zikatoka tangini, hata ile nzuri isiyo na alama. Minyoo hawa wanategemea Acropora, tangi likikaa bila Acropora wanakosa chakula wanakufa. Mimi niliacha wiki nane, wengine wanasema sita zinatosha, ukiweza nane fanya nane. Ukiacha tawi moja lililovunjika nyuma ya jiwe umefanya kazi bure, kwa hiyo tafuta na tochi.

Kwenye chombo cha karantini nilikata kila tumbawe shinani, sehemu iliyokufa yote nikaitupa maana ndo mayai yalipo, plagi za zamani (vile vikalio vya kubandikia fragi) nikatupa pia, nikagandisha kwenye plagi mpya. Mayai niliyoyaona kwenye sehemu ambayo sikuweza kukata niliyakwangua kwa wembe, na mabaki nikayafunika kwa supaglu ya jeli ili yasiweze kuanguliwa.

Afu dipu kila baada ya siku saba, wiki sita mfululizo, kila mara kwenye bakuli jeupe na kila mara nahesabu. Niliandika kwenye daftari: wa kwanza 41, wa pili 9, wa tatu 12 (hao ndo walioanguliwa, usikate tamaa hapa), wa nne 2, wa tano sifuri, wa sita sifuri. Baada ya sifuri mbili ndo nikaanza kupumua. Nilipoteza tatu kati ya kumi na moja, si kwa minyoo, kwa uchovu wa dipu. Hilo nakuambia ukweli, zile dhaifu hazivumilii.

11. Naweza kutumia dawa ya minyoo ya mbuzi kutoka agrovet? Kwetu levamisole iko tele.

Naulizwa hili na watu wa Nairobi na Dar zaidi. Levamisole ni dawa inayofanya kazi kwa minyoo bapa hawa na wafugaji wanaitumia kudipu, ni kweli. Shida ni kile kilichomo kwenye chupa ya agrovet. Nyingi zimechanganywa na dawa nyingine kama oxyclozanide ya minyoo ya ini, na rangi, na vitu vya kuifanya ielee, vimepimwa kwa tumbo la ng'ombe siyo kwa lita za maji yenye konokono na kamba. Mimi siiweki kwenye tangi la kudumu kabisa. Kama umepata unga mtupu wa levamisole na unajua kupima kwa mizani, itumie kwenye bakuli la dipu tu, jaribu na fragi moja usiyoililia, afu suuza.

12. Na prazikwantel ile ya kichocho?

Nzuri kwa samaki wenye minyoo ya kwenye matamvua. Kwa wekundu matokeo yake hayaeleweki, kwa wale wa Acropora siitegemei, na itaua minyoo yako ya mirija ile yenye vipepeo kichwani. Fenbendazole ya mbwa ndo usiiguse kabisa, inaingia kwenye mawe inakaa humo, konokono na polipu za kijani vinakufa taratibu hujui kwa nini.

13. Samaki gani anawala?

Samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ndo wa kwanza kwenye orodha, na huyu ni wa kwetu, anapatikana Bahari ya Shamu mpaka pwani ya Afrika Mashariki na kuendelea Pasifiki. Mchana kutwa anachungulia kwenye matawi akidonoa. Amefanyiwa hata utafiti na wale wa Acropora na ameonekana kupunguza idadi yao, pamoja na kamba wa jamii ya Lysmata. Ila ana hasira, ukimuweka wa kwanza tangini atawapiga wote wanaokuja baada yake, muweke wa mwisho.

Halichoeres wa njano na yule melanurusi wananisaidia pia, wapole zaidi, wanahitaji mchanga wa kulala, na kifuniko maana wanaruka. Mandarini watu wanamtaja sana, anawadonoa wakati mwingine, lakini usimnunue kwa ajili ya kazi hiyo maana tangi changa litamuua kwa njaa.

Elewa kitu kimoja. Samaki anapunguza, hamalizi. Wengine hawawataki wekundu kabisa kwa sababu ya ile sumu, wanaonja mmoja wanatema. Mimi namuweka kama mlinzi baada ya kusafisha.

14. Kuna yule konokono mweusi mwenye mistari ya bluu?

Chelidonura varians. Mzuri ajabu, kama kipande cha mahameli, anakula wekundu tu na hali kingine. Na hapo ndo huzuni yake ilipo, akimaliza chakula anakufa njaa, au ananyonywa na pampu kabla ya hapo. Ukimchukua, panga mapema utampa nani mwenye tangi lenye minyoo, na funika pampu zote na sponji. Kama huna mtu wa kumpa, muache alipo.

15. Matumbawe yangu ya uyoga na Euphyllia yana vidoa vya kahawia mviringo kama vimepakwa, havitembei sana.

Waminoa. Nao ni wa kundi la Acoela kama wekundu, wanajipanga juu ya tumbawe kama sarafu. Hawatoboi nyama lakini wanaziba mwanga na kuiba ute na chakula. Toa tumbawe, dipu, puliza na bomba, rudia kila wiki mara tatu nne. Kwa uyoga na zoa (zoanthidi, ndugu wa matumbawe) unaweza hata kutumia maji matamu yaliyochujwa, joto sawa na pH sawa na tangi, dakika moja au mbili tu ukiwa umesimama hapo unapuliza. Acropora na ndugu zake usizipeleke kwenye maji matamu, zitaachia nyama.

16. Usiku nimeona kitu kikubwa kama kidole gumba, kimejikunja kunja pembeni, kinateleza juu ya jiwe.

Huyo ni polikladi, mnyoo bapa wa kweli wa baharini. Kwenye mwamba wetu Watamu au Chumbe ukienda maji mafu utaona ndugu zao wa rangi, wanaogelea kama kanga inapeperushwa na upepo, nimewapenda tangu mtoto. Tangini ni habari nyingine. Wengi wao ni wawindaji, wa jamii ya Stylochus wanajulikana kwa kula chaza, anaingia kati ya magamba na kumla akiwa hai. Kama una kombe wa Tridacna na konokono wako wanapungua bila sababu, umempata mwizi. Dawa siyo lazima. Tochi yenye karatasi nyekundu, saa mbili baada ya taa kuzima, mrija mpana, subira. Usimshike kwa mkono mtupu na usimlishe samaki, kuna aina zenye sumu kali.

17. Vidogo vya kung'aa kwenye kioo tu, haviko kwenye matumbawe?

Waache. Wengi wanakula kopepodi na wanaisha wenyewe. Angalia tu kama hawahamii kwenye matumbawe.

18. Wamarekani wanadipu na dawa ya wadudu ya Bayer. Vipi?

Inafanya kazi, ina imidakloprid. Lakini ni dawa ya wadudu wa bustani, haikutengenezwa kwa hili, na kiasi kidogo sana kikiingia tangini kamba, kaa na kopepodi wako wote wanaondoka. Ukiamua kuitumia vaa glavu, fungua dirisha, suuza tumbawe kwenye ndoo tatu tofauti za maji ya tangi na yale maji yote umwage. Na uhakikishe aina uliyoshika ni ile wanayoitumia wao, maana jina moja la kampuni lina chupa nyingi zenye vitu tofauti ndani.

19. Karantini ni gharama, sina nafasi.

Yangu ni chombo cha plastiki cha lita 40 cha kuwekea nguo, hita, pampu ndogo, taa ya LED ya mtumba na kipande cha grili cha kuwekea fragi. Hakina mchanga wala mawe, ili nione kila kitu. Chumvi 1.025, joto 25 au 26. Nabadilisha lita kumi kila siku tatu. Kila fragi inayoingia nyumbani, hata ikitoka kwa rafiki yangu wa karibu, inatolewa plagi, inadipiwa, inakaa humo wiki sita na kudipiwa kila wiki. Rafiki mmoja wa Muscat alinikasirikia nilipoitoa plagi ya zawadi yake mbele yake, wiki ya pili tukakuta mayai chini yake. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba anao.

20. Nikienda likizo Mombasa naweza kurudi na kipande cha tumbawe?

Usifanye. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), bila kibali utakamatwa uwanjani, na kwenye hifadhi za bahari hata kukivunja ni kosa. Mwamba wetu umepata shida ya kutosha na joto la 1998 na mengine yaliyofuata. Nunua fragi iliyokuzwa tangini.

21. Maji niliyonyonyea minyoo namwaga wapi?

Chooni au kwenye bomba la maji machafu, ukiwa umeweka jiki kwanza na kuacha saa moja. Usimwage baharini wala kwenye mfereji unaokwenda baharini, hata kama unaishi mita hamsini kutoka ufukweni na ndoo ni nzito. Minyoo ya kwenye matangi yetu imetoka bahari mbalimbali, na mmoja wa wale wekundu anatosha. Mrija na ndoo navyo suuza kwa maji matamu ya moto, vikauke juani, na ndoo ya karantini isiingie kwenye tangi kubwa, yangu nimeiandika K kwa maka pen ili hata mtu wa nyumbani asikosee.